Maisha ya Joseph Jenkins Roberts, Mwenye Duka Aliyekuwa Rais wa Kwanza wa Liberia

Muhula uliopita, katika chama chetu cha mdahalo, tulipewa hoja ya kwamba mtu aliyeweza kuanzisha biashara na kuikuza ndiye afaaye kupewa nchi aitawale. Mimi nilikuwa upande wa kuiunga mkono, na tulishindwa vibaya. Kila tulipotakiwa kutaja mtu mmoja aliyefanya hivyo, tulitaja matajiri wa mjini kwetu wenye malori na maduka, ambao hakuna hata mmoja aliyepata kutawala hata kijiji. Wenzetu wakacheka, na mwenye kiti akagonga meza.

Baada ya aibu ile nilikwenda maktabani nikatafuta. Nilimpata mtu aliyefariki zamani sana, aliyeanza na duka la bidhaa pwani ya Afrika Magharibi, akaishia kuwa Rais wa kwanza wa jamhuri ya kwanza ya watu weusi katika bara letu. Naandika habari zake hapa ili ndugu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliokwisha kututangulia, mwone wenyewe kama mtu huyu angenisaidia siku ile, ama angewasaidia wale walionishinda.

Joseph Jenkins Roberts alizaliwa tarehe 15 Machi 1809 katika mji wa Norfolk, jimbo la Virginia, nchi ya Marekani. Siku zile Virginia ilikuwa nchi ya utumwa. Mama yake, jina lake Amelia, alikuwa mtumwa hapo kwanza, lakini alikuwa amekwisha kupata uhuru wake kabla ya kumzaa Joseph. Kwa hiyo mtoto alizaliwa muungwana. Mume wa Amelia, James Roberts, ambaye Joseph alichukua jina lake, alikuwa mtu mweusi huru mwenye mashua za kuchukulia bidhaa katika mto uitwao James. Alijipatia mali ya kutosha kwa kazi hiyo. Joseph alianza kufanya kazi katika mashua hizo tangu alipokuwa kijana mdogo, na huko ndiko alikojifunza mara ya kwanza kuhesabu mizigo, kupatana bei, na kuandika yaliyoingia na yaliyotoka.

Baadaye jamaa ile ilihamia mji wa Petersburg, katika jimbo lile lile. Huko Joseph alifanya kazi kwa kinyozi mmoja, William Colson. Msidhani kwamba Colson alikuwa kinyozi wa kukaa chini ya mwembe na kiti kimoja. Alikuwa mtu mweusi mwenye mali, mhubiri wa dini, na mwenye vitabu vingi nyumbani kwake. Kijana Roberts alipewa ruhusa ya kusoma vitabu hivyo, na sehemu kubwa ya elimu yake aliipata humo. Hakupata shule kama yetu, yenye madawati na kengele.

Ingawa Roberts alikuwa muungwana, uhuru wake ulikuwa wa nusu tu. Mtu mweusi huru wa Virginia alipaswa kuandikishwa na kuwa na cheti cha kuonyesha kwamba si mtumwa. Hakuweza kupiga kura. Hakuweza kusimama mahakamani kutoa ushahidi juu ya mtu mweupe. Angeweza kupata fedha, lakini fedha zake hazikuweza kumnunulia heshima ya raia. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana ndilo lililomtoa kwao.

Katika mwaka wa 1816 kilikuwa kimeundwa huko Marekani chama cha kuwahamishia Afrika watu weusi walio huru. Waanzilishi wake walikuwa na nia mbalimbali. Wengine waliwahurumia watu weusi kwa kweli, wakaamini kwamba hawatapata haki Marekani kamwe. Wengine walikuwa wenye watumwa, ambao hawakupenda watumwa wao wawaone watu weusi wengine wakitembea huru. Watu weusi wengi walikikataa chama hicho, wakasema kwamba Marekani ni nchi yao kama ilivyo ya wengine. Hata hivyo wako waliokubali kwenda. Mwaka 1821 wajumbe wa chama walipata ardhi katika rasi ya Mesurado kutoka kwa wafalme wa pale, kwa bunduki, baruti, tumbaku, shanga na vitu vingine ambavyo thamani yake haikufika dola 300. Husimuliwa pia kwamba bastola ilitolewa ili kuharakisha mapatano hayo. Mji uliojengwa pale uliitwa Monrovia, kwa jina la Rais wa Marekani wa wakati ule, James Monroe.

Mapema mwaka 1829 Joseph Roberts, pamoja na mama yake na ndugu zake, alipanda merikebu iliyoitwa Harriet kwenda Monrovia. Alikuwa hajatimiza miaka 20. Mimi ninayeandika nina miaka 19, na nilipolisoma jambo hili nilikiweka kitabu chini kidogo, nikajiuliza kama ningethubutu. Katika merikebu ile alikuwamo pia mtoto mmoja wa miaka kama tisa au kumi, James Spriggs Payne. Wote wawili walikuja kuwa marais wa nchi ile waliyokuwa wakiiendea.

Wahamiaji walipokelewa na homa. Wengi wao hawakuzoea malaria ya pwani ile, na dawa zilikuwa chache. Watu 4,571 walifikishwa Liberia tangu mwaka 1820 hata mwaka 1843, na watu walipohesabiwa mwaka huo wa 1843, waliobaki walikuwa 1,819 tu. Mke wa kwanza wa Roberts, jina lake Sarah, alikuwa miongoni mwa waliofariki katika miaka ile ya mwanzo. Mwaka 1836 Roberts alioa tena. Mke wake wa pili, Jane Rose Waring, alikuwa binti wa mhubiri aliyekuwa pia mfanyabiashara, naye aliishi naye mpaka mwisho.

Sasa tuje kwenye biashara yake, kwa kuwa ndiyo iliyonipeleka maktabani. Roberts hakufungua duka peke yake. Aliungana na yule yule Colson, aliyekuwa amebaki Petersburg, wakaanzisha kampuni moja yenye ncha mbili, ncha moja Marekani na ncha nyingine Afrika. Kutoka Liberia walipeleka mafuta ya mawese, pembe za ndovu, na magogo ya mti mmoja utoao rangi nyekundu ya kutilia nguo. Merikebu ziliporudi zilileta bidhaa za Marekani, zikauzwa katika duka la kampuni pale Monrovia. Kwa hiyo merikebu haikusafiri tupu kwenda wala kurudi, na faida ilipatikana pande zote mbili. Colson mwenyewe alikuja Liberia mwaka 1835, lakini hakudumu. Alifariki muda mfupi baada ya kufika, na Roberts akaiendesha kampuni pamoja na ndugu zake. Hao ndugu nao hawakuwa watu wa kukaa bure. Henry alisomea uganga wa kizungu akawa daktari, na John Wright akawa askofu wa kanisa la Methodisti mwaka 1866.

Katika miaka michache tu Roberts alikuwa mmoja wa watu wenye mali katika Monrovia. Biashara ya namna hii ilimfundisha mambo mengi ambayo gavana aliyekaa ofisini hakuyajua. Mafuta na pembe havikutoka Monrovia. Vilitoka kwa watu wa bara, Wadei, Wavai, Wagola, Wabassa na wengineo, na mwenye kuvitaka alilazimika kupatana na wakubwa wao, kujua nani ana ugomvi na nani, na njia ipi imefungwa kwa vita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka 1833 alipewa cheo cha sherifu, yaani mkubwa wa kutekeleza amri za mahakama na kutunza amani ya koloni. Katika kazi hiyo aliongoza askari wa wahamiaji kwenda bara kukusanya kodi kwa wenyeji na kuzima maasi. Mwaka 1839 alikuwa naibu wa Gavana Thomas Buchanan. Buchanan alikuwa Mzungu, kama walivyokuwa wengi wa wakuu wa chama waliomtangulia. Alipofariki kwa homa mwaka 1841, Roberts akashika mahali pake, na chama kikamthibitisha. Hivyo mwenye duka wa Monrovia akawa gavana wa kwanza wa Liberia mwenye damu ya Kiafrika.

Hapo ndipo lilipomkuta jambo lililohitaji akili ya mfanyabiashara. Koloni ilikuwa maskini. Shule, mahakama, askari na barabara vilihitaji fedha, na wahamiaji wenyewe hawakuwa na kitu. Fedha iliyoweza kupatikana kwa urahisi ilikuwa ushuru wa forodha, yaani kila aletaye bidhaa kwa merikebu alipe kidogo kabla ya kuziuza. Lakini wafanyabiashara wa Kiingereza, wengi wao kutoka Sierra Leone, walikuwa wakifanya biashara katika pwani ile tangu zamani, nao walikataa kulipa. Walishusha bidhaa zao bure, wakaziuza rahisi, na yule Mliberia aliyelipa ushuru kwa uaminifu akabaki na bidhaa zake dukani.

Roberts alipodai, serikali ya Uingereza ilimjibu kwa hoja ambayo hakuweza kuivunja. Ilisema kwamba ushuru hutozwa na dola. Liberia si dola, wala si koloni ya dola yoyote. Ni shamba la chama cha watu binafsi, na chama cha watu binafsi hakina haki ya kutoza ushuru merikebu za watu wengine. Marekani nayo ilipoulizwa kama Liberia ni koloni yake, haikukubali kuichukua. Basi nchi ikawa kama mtoto aliyekanwa na baba na asiyetambuliwa na majirani. Mwaka 1845 Waliberia waliikamata merikebu ya Kiingereza iitwayo Little Ben huko Bassa, kwa sababu ya ushuru. Manowari ya Uingereza ikalipiza kwa kuikamata merikebu ya Stephen Benson, mfanyabiashara wa Liberia. Mtu asiye na bendera hana pa kushitaki, na Benson hakuwa na pa kushitaki.

Roberts alitambua kwamba duka lisiloweza kupata leseni lina njia moja tu, nayo ni kuwa serikali lenyewe. Mapema mwaka 1846 chama huko Marekani kiliamua kwamba wakati umefika kwa watu wa Liberia kujitawala. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wahamiaji walipiga kura juu ya jambo hilo, na waliotaka uhuru walishinda kwa wingi mdogo. Wengine waliogopa. Walisema nchi yenye watu wachache, isiyo na jeshi wala hazina, itamezwa siku ya pili. Lakini tarehe 26 Julai 1847 wajumbe waliokutana Monrovia walilitangaza tamko la uhuru, lililoandikwa na Hilary Teage. Katika uchaguzi wa Oktoba Roberts alimshinda Samuel Benedict, aliyekuwa mwenye kiti wa mkutano ule wa wajumbe, na tarehe 3 Januari 1848 aliapishwa kuwa Rais.

Mwaka ule ule alisafiri Ulaya. Nami nadhani safari hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya, maana uhuru uliotangazwa na kutosikiwa na mtu ni kama barua isiyotiwa posta. Alifika London akiwa rais wa nchi ambayo wengi hawajapata kuisikia. Alijua adabu, alijua sheria, aliweza kuzungumza na mawaziri bila kubabaika, na alijua la kuwaambia. Aliwaambia Waingereza habari za biashara, na aliwaambia habari za kukomesha uuzaji wa watumwa. Alikutanishwa na Malkia Victoria. Uingereza ikawa dola ya kwanza kuitambua Liberia, ikafanya nayo mkataba wa urafiki na biashara, na kuipa manowari ndogo iliyoitwa Lark ili ilinde pwani yake. Wale wale waliokataa kulipa ushuru sasa walilazimika kulipa.

Palikuwa na mahali paitwapo Gallinas, upande wa kaskazini wa Liberia, ambapo wauza watumwa walikuwa na maboma yao. Roberts aliwaeleza marafiki zake wa London kwamba ardhi ile ikinunuliwa na kuwekwa chini ya sheria za Liberia, biashara ile mbaya itakatika. Tajiri mmoja wa huko, Samuel Gurney, aliahidi kutafuta pauni 1,000 kwa kazi hiyo. Ufaransa iliitambua Liberia mwaka 1852. Marekani, nchi alikozaliwa, ilikawia mpaka mwaka 1862, wakati wa Rais Abraham Lincoln. Sababu haikufichika. Wenye watumwa wa majimbo ya kusini hawakutaka kumwona balozi mweusi akikaribishwa Washington pamoja na mabalozi wengine.

Roberts alichaguliwa tena mara tatu, akatawala miaka minane. Katika uchaguzi wa mwaka 1855 alishindwa na Stephen Benson, yule yule mwenye merikebu iliyokamatwa. Januari 1856 alimwachia kiti kwa amani, akaondoka. Tukumbuke kwamba aliyafanya haya katika nchi yenye umri wa miaka minane, na hakuwa na mfano wa jirani wa kuufuata. Hata baada ya kuondoka hakukasirika akajifungia nyumbani. Alitumwa Ulaya kama mjumbe wa nchi, na koloni ya Maryland iliyokuwa kusini ilipopatwa na vita mwaka 1857, alisaidia kuiokoa na kuiunganisha na Liberia. Chuo cha Liberia kilipofunguliwa Monrovia mwaka 1862, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza, na mwalimu wa sheria. Mtu aliyesoma katika vitabu vya kinyozi akawa akiwafundisha vijana sheria za mataifa.

Mwaka 1870 Liberia ilipata rais mwingine aliyekuwa mfanyabiashara, Edward James Roye. Huyu alizaliwa Ohio, akafika Liberia mwaka 1846, akawa na duka kubwa na merikebu zake mwenyewe. Kwa mali alikuwa miongoni mwa matajiri wa kwanza wa nchi. Alitaka barabara na shule bara, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini fedha hazikuwapo, akatuma watu London wakope pauni 100,000 kwa riba ya asilimia 7. Sikilizeni mkopo ule ulivyokuwa. Kwanza wakopeshaji walikata asilimia 30, zikabaki pauni 70,000. Kisha wakakata riba ya miaka mitatu kabla hata fedha hazijatoka London, yaani pauni 21,000. Zikabaki pauni 49,000, na hata hizo hazikufika hazina zote. Lakini deni lilibaki pauni 100,000 kamili, na wajukuu waliendelea kulilipa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Watu walikasirika, tena Roye alitaka kuongeza miaka ya urais. Oktoba 1871 aliondolewa kwa nguvu, na mwaka 1872 akafa, wengi wakisema kwamba alizama majini akijaribu kutoroka. Lazima nieleze pia kwamba deni halikuwa sababu peke yake. Roye alikuwa mweusi hasa, na chama chake kilikuwa cha weusi wa namna hiyo. Roberts alikuwa mweupe wa ngozi kiasi cha kudhaniwa Mzungu, na chama chake kilikuwa cha watu wa damu ya mchanganyiko. Watu waliokimbia ubaguzi wa rangi Marekani waliubeba ubaguzi ule ule ndani ya masanduku yao.

Taifa likiwa katika fedheha hiyo, wananchi walimkumbuka mzee wao. Roberts, aliyekuwa amekwisha kupita miaka 60, alichaguliwa tena, akashika urais tangu Januari 1872 hata Januari 1876. Aliyempokea kiti alikuwa James Spriggs Payne, yule mtoto wa merikebu ya Harriet. Roberts alifariki Monrovia tarehe 24 Februari 1876, hata miezi miwili haijatimia tangu aache kazi. Katika wasia wake alitoa dola 10,000 pamoja na mali yake kwa ajili ya elimu ya watoto wa Liberia. Siku yake ya kuzaliwa, 15 Machi, ni sikukuu ya taifa huko, na mji wa Robertsport na uwanja mkubwa wa ndege wa nchi vina jina lake.

Kama ningeishia hapa, ningekuwa nimeshinda mdahalo wangu. Lakini mwalimu wetu hutufundisha kwamba anayeandika maisha ya mtu hana ruhusa ya kuficha ukurasa.

Tamko lile la uhuru la mwaka 1847 lilisema kwamba watu wa Liberia asili yao ni wakazi wa Marekani. Nembo ya taifa ilisema kwamba kupenda uhuru ndiko kulikowaleta pale. Je, wale waliokuwapo tangu zamani, ambao hawakuletwa na kitu chochote? Hao walikuwa wengi mara nyingi kuliko wahamiaji, nao hawakutajwa. Wale wale Wavai na Wabassa waliomletea Roberts mafuta na pembe hawakupewa kura. Aliwafahamu vizuri kuliko viongozi wengine wote, alifanya nao mikataba, alinunua ardhi zao, alipigana nao ilipobidi, lakini nchi aliyoiasisi haikuwahesabu kuwa raia. Wahamiaji walivaa makoti ya Ulaya katika jua la Afrika, wakajenga nyumba kama zile za mabwana zao wa zamani, wakawaita wenyeji washenzi. Uraia wenyeji waliupata mwaka 1904, na hata baada ya hapo kura ilikawia sana. Uchungu huo ulikaa ndani kama moto wa pumba. Tarehe 12 Aprili 1980 askari wa jamii za wenyeji waliipindua serikali na kumwua Rais William Tolbert, na baadaye zikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1989 hata 1997, na tena tangu 1999 hata 2003. Sisemi kwamba Roberts ndiye aliyezileta vita hizo. Nasema nyumba iliyojengwa bila kuwauliza wenye kiwanja ilikuwa na ufa tangu siku ya kwanza.

Basi niwajibu walionishinda. Biashara ilimfundisha Roberts mambo ambayo nchi iliyahitaji kweli. Alijua kwamba ahadi isiyoandikwa si ahadi, kwamba mapato lazima yatangulie matumizi, na kwamba mwenye kuuza lazima atambuliwe na mnunuzi. Lakini Roye naye alikuwa mfanyabiashara, tena tajiri, na akaiuza nchi yake kwa deni. Kwa hiyo utajiri peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Tena iko hesabu moja ambayo daftari la duka halina mstari wake. Dukani mtu asiye na fedha si mteja, unaweza kumpita. Katika nchi hakuna mtu wa kumpita, kwa maana hata asiyelipa kodi ni mwenye nchi. Hesabu hiyo Roberts hakuifanya. Kwa hiyo nakiri kwamba siku ile ningekuwa na jina lake mkononi, ningepata makofi mengi, lakini wenzangu nao wangepata hoja yao humo humo.

Nimelifikiri jambo hili kwa sababu nyingine pia. Mwisho wa mwaka huu baadhi yetu tutarudi nyumbani na vyeti vyetu. Tutashuka kwenye basi tukiwa na viatu, vitabu na Kiingereza, na wadogo zetu watatubebea masanduku. Nilipokuwa likizo mara ya mwisho, mjomba wangu alinieleza habari za mpaka wa shamba letu, nami nikamkatiza nikamwambia mambo hayo sasa yako katika ramani. Alinyamaza, wala hakunieleza tena. Nilipofika kwenye ukurasa ule wa wenyeji wa Liberia nilimkumbuka mjomba. Kaka zetu mliomaliza, mlioko maofisini, madukani na mashuleni, ninyi mnajua kuliko sisi jinsi ilivyo rahisi kuwa mhamiaji katika kijiji ulichozaliwa. Tuandikieni katika gazeti hili mtueleze mlivyofanya. Mimi likizo hii nitakwenda kwa mjomba kwanza, nimsikilize mpaka amalize.